Jiwe la Mwisho la Wattie

Mpaka leo ukimwuliza Senga Rattray kama aliligusa lile jiwe, atakuambia hajui, na mimi namwamini. Wako wasiomwamini. Shauri yao.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwisho wa Februari, kwenye ukumbi wa barafu pale mjini. Klabu ya Balnacraig na klabu ya Strathorrin zilikuwa zinagombea nishani yao ya kila mwaka, kipande cha fedha kilichochakaa, ukubwa wake hauzidi kifuniko cha chupa ya jamu. Vijiji hivi viwili vinapakana. Watu wake wameoana, wanauziana kondoo, wanazikana, na kila msimu wa baridi wanakutana kutelezesha mawe mazito kwenye barafu na kupakana matope kwa maneno. Siku ile Strathorrin walimletea Wattie kiti cha jikoni, kiti kizima, wakakiweka pembeni ya barafu, eti mzee akichoka apumzike. Wattie akakikalia, akawashukuru, akauliza chai yake iko wapi.

Huyo Wattie ndiye nahodha wa Balnacraig, na ni shemeji yake Senga, kaka wa marehemu mumewe. Ana miaka sabini na minne na magoti yamekwisha kabisa. Mara tisa ameongoza Balnacraig kwenye mechi hii, na mara tisa amerudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa nne alikuwa anakwenda kupasuliwa goti, na daktari alishamwambia wazi kwamba baada ya hapo barafu aitazame kwenye televisheni. Kwa hiyo ni leo au basi tena. Senga alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mumewe alipolala kitandani miaka miwili, Wattie ndiye aliyekuja kila asubuhi kulisha kondoo wao, na hakuwahi kulitaja jambo hilo hata siku moja. Senga aliitaka nishani ile kwa ajili ya shemeji yake.

Ikafika jiwe la mwisho, sita kwa sita. Jiwe la Strathorrin, lile lenye mpini mwekundu, lilikuwa limekaa vizuri karibu na kitovu cha ile miduara tunayoiita nyumba. Wattie alitakiwa alipitishe lake, la mpini wa njano, pembeni, likae ndani zaidi, maana lililo karibu zaidi na kitovu ndilo linalopata pointi. Akapiga goti huku anakunja uso kwa maumivu, akaliachia.

Lilitoka na nguvu pungufu. Basi kazi ikawa ya wasuguaji, Senga na Gavin Lornie yule wa posta, kukimbia mbele ya jiwe wakiisugua barafu kwa brashi zao ili iteleze zaidi na jiwe lisife njiani. Walisugua mpaka mabega yakawaka moto. Na hatua tatu kabla ya kitovu, brashi ya Senga ikashtuka.

Ikashtuka tu, tk, basi. Huenda ilikuwa chembe ya barafu. Huenda ilikuwa brashi ya Gavin. Huenda ilikuwa jiwe. Vidole vyake vina ganzi tangu msimu wa juzi, na miwani ilikuwa imejaa ukungu wa pumzi yake mwenyewe. Jiwe likaendelea, likajivuta, likasimama. Lilikuwa ndani kuliko lile jekundu kwa upana wa vidole viwili.

Sasa, kwetu barafuni mechi za klabu hazina mwamuzi wa kukupigia filimbi. Brashi kuligusa jiwe linalotembea ni kosa, na aliyeligusa anasema mwenyewe, papo hapo, kila mtu asikie. Wapinzani hata wakiona hawasemi, ni aibu kumsemea mtu. Ukigusa pale kwenye miduara ukasema, wao ndio wanaoamua, waliondoe au waliache. Ila watu wakishapeana mikono, mchezo umekwisha, hata malaika washuke.

Senga alifungua mdomo. Aseme nini? Akisema amegusa, na kumbe hakugusa, amempokonya shemeji yake nishani bure. Akinyamaza, na kumbe amegusa, yeye ni mwizi. Na wakati anahangaika na hilo kichwani, Wattie yuko kule mwisho wa barafu, bado kwenye magoti, anauliza kwa sauti ya kukatika kama limeingia, Gavin amemkumbatia Senga na kumnyanyua juu, na Ishbel Imrie, nahodha wa Strathorrin, anakuja amenyoosha mkono.

Ishbel na Senga walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Ishbel aliushika mkono wa mwenzake, na hakuuachia.

"Uko sawa, Senga?"

"Niko sawa."

Ishbel akaitikia kwa kichwa taratibu, akamwachia, akaenda kuwapa mkono wengine.

Juu kwenye ukumbi wa vinywaji, washindi huwahudumia walioshindwa, kisha wote wanakaa wamechanganyikana meza moja. Senga alibeba sinia la glasi za wiski bila kuona anakokwenda.  Pale kaunta alimbana Gavin pembeni, akamwuliza kama aliona chochote. Gavin akacheka, akamwambia aache kujitafutia maradhi, yeye alikuwa pale pale na hakuna kilichoguswa. Senga alipombana zaidi, akakiri kwamba wakati ule alikuwa anatazama miguu yake, maana alikuwa karibu kuanguka. Shahidi gani huyo!

Akarudia tukio lile kichwani. Mara ya kwanza lilikuwa jiwe. Mara ya pili ilikuwa barafu. Mara ya tatu hakuwa na hakika hata kama brashi ilishtuka, au ni mkono wake. Kila alipolitazama upya lilibadilika, mpaka akashindwa kujua anakumbuka au anatunga. Mwishowe akachoka. Akamfuata Ishbel dirishani, akaketi mbele yake.

"Ishbel, sijui kama nililigusa lile letu la njano."

Ishbel akaiweka glasi chini. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia Senga hofu.

"Tuliona brashi yako inaruka," Ishbel akasema. "Wote wanne."

"Kwa hiyo niligusa?"

"Mimi nilidhani umegusa. Mwenzangu mmoja anasema hapana. Hatuelewani mpaka sasa."

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme sisi? Toka lini?" Akamsogelea, akateremsha sauti. "Mwenzangu, tulitazamana tu pale, tukakubaliana. Ukisema, tunaliacha jiwe lilipo. Tunampa mzee nishani yake, yeye anajua, sisi tunajua, kwa heshima zote. Nilikushika mkono nikakuuliza uko sawa. Ningekusaidia vipi zaidi ya hapo?"

 Senga angesema neno moja tu, hata hilo hilo la sijui, lingetosha. Hakujua kama mtu anaruhusiwa kukiri jambo ambalo hana hakika nalo. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Na sasa alichokuwa anakiogopa, yaani Wattie kuikosa nishani, kumbe hakikuwepo kabisa.

Basi Wattie naye akaja, anachechemea, uso unang'aa, nishani ameibandika kwenye sweta upande upande. Akavuta kiti. Akawauliza wanamteta nani, maana akiwaona wawili hao wameinamiana namna ile anajua kuna mtu anachunwa ngozi. Ishbel akatazama nje.

Senga angeweza kunyamaza. Mimi pengine ningenyamaza. Lakini alishanyamaza mara moja siku ile, na aliona wazi imemfikisha wapi. Akamweleza yote, brashi, ganzi, ukungu, na kile walichokubaliana Strathorrin kwa macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya watu na hakujali kuyafuta.

Wattie alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ukapanda taratibu kifuani, ukaifunika nishani.

"Uliligusa, shemeji?"

"Sijui, Wattie. Haki ya Mungu sijui."

Akamgeukia Ishbel. Ishbel akasema naye hajui, na kwamba mikono walishashikana, nishani ni yake, asiivue.

 Meza ya nyuma walikuwa wanaimba.

"Basi na mimi sijui kama nimeshinda," akasema, na mkono haukuondoka kifuani.