Siku ya Sita ya Pagume

...na imeanguka tena, seva hii, inainuka, inapumua kidogo, inaanguka, kama mlevi mbele ya baa, na mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda cha Zerihun, laptopu yake mapajani mwangu, maana mkono wake una sindano mbili na damu inatoka humo, nzito, nyekundu, inakwenda kuoshwa kwenye mashine, inarudi, naiona kwenye mrija, ni yeye huyo anatoka na ni yeye huyo anarudi, sijazoea na sitaki kuzoea, washa tena, ananiambia macho kafumba, nawasha, shahada ya kompyuta ninayo, iko kwenye nailoni chini ya godoro la mama, wizarani waliniambia nisubiri simu na simu pekee inayolia ni ya bosi wa mtu, inalia sasa, ni bosi wa Zerihun, Gashe Worku, Gashe ndivyo tunavyowaita wazee, anapiga kutoka stendi ya mabasi ambako Addis nzima imepanga foleni na kondoo wake na kuku wake, kesho mwaka mpya, kila mtu anataka kwenda kwao, na mtambo wa tiketi aliouandika na anaoutunza Zerihun haukubali kuuza hata moja, na Gashe Worku hajui mtunzaji wa mtambo amelazwa kwenye mashine ya figo, akijua atamtoa kazini, akimtoa bima imekufa, bima ikifa mashine itaendeshwa na nini, maombi?... nambandikia simu sikioni, sauti ya bosi inamwagika hadi kwangu, mwanangu, abiria wanataka kunila mbichi, bila pilipili, na hapo hapo mashine ikaanza kupiga milio, na hicho ni nini, bosi akauliza, na mtu huyu ambaye presha yake ni ya kifaranga akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba, betri ya seva, Gashe, inalalamika kama wewe, na mzee akacheka, akacheka!, akakata, Sista Alganesh akaja kunyoosha mrija, milio ikanyamaza, akanitazama, wewe binti, hapa ni wodini au ni duka la intaneti, mimi nilikuwa namtazama Zerihun, anapata wapi sauti ile, inakaa sehemu gani ya mwili huu... mvua inapiga dirisha, nje ndugu za wagonjwa wametega mabeseni, mvua ya Pagume inaponya, wanasema, mwezi wenyewe kamwezi tu, wa kumi na tatu wa kalenda yetu, siku tano za kufagia mwaka, mimi niliyegombana na mapadri na mawaziri kwa zamu, asubuhi Zerihun aliponiambia, nipake maji yake kidogo usoni, kunywa siruhusiwi, nilitoa mkono dirishani nikampaka, na mdomo wangu ukasema amina bila kuniuliza... seva inasema nini, anauliza Zerihun, nasoma, inasema tarehe haipo, tarehe gani, ya leo, Pagume sita, naingia ndani ya programu, nateremka mstari kwa mstari, mwandiko wake naujua tangu chuo, msafi, hauna neno la bure, ule pale, miezi kumi na miwili ya siku thelathini, halafu Pagume, tano, tano basi, wakati mtoto yeyote wa nchi hii anajua kila mwaka wa nne inaongezeka ya sita, na leo ndiyo ya sita, na mtambo mzima wa mabasi unaapa kwamba leo haipo, nikamshukia, we Zerihun, ulikuwa umelewa nini, siku nzima unaisahau, ukristo wako wote huo, damu ikazunguka mrijani, nikadhani kalala.

"Sikusahau," akasema. "Niliandika wiki ile waliponiambia figo zimekufa. Nikahesabu, ya sita iko mbali, miaka mitatu. Nikasema hiyo atarekebisha mwingine."

...akasema vile vile anavyosema washa tena, miaka mitatu ameishi kwenye kalenda isiyo na siku hii, na siku imekuja, imemkuta, inanyesha, na yuko ndani yake na damu yake inapiga raundi, anamtania bosi, nikautazama mkono wake, mshipa uliovimba, ule waliompanulia kwa ajili ya mashine, nikaugusa kwa kidole, unatetemeka kama paka anayekoroma, wangapi wanapewa siku waliyoifuta wenyewe... weka sita, anasema, ya leo tu, haraka, Gashe analiwa, sawa, nasema, na siweki ya leo tu, naandika kanuni yenyewe, kila mwaka wa nne, leo, na ile ijayo, na ile baada ya hiyo, na kuendelea, mbona unagonga sana hivyo, anauliza, tulia, namwambia, damu yako inarudi, simu inalia tena, mashine inavuma, mvua ile ile, seva haijainuka bado, inaniuliza mambo yake ya mwisho, inauliza jina la mtu wa kuitwa siku mtambo ukiharibika tena, kijisanduku kina jina la Zerihun tayari, kinasubiri nifute niandike la mwingine kama alivyopanga, nimelitazama, nimeliacha.