Omuramba wa Mzee wa Kanisa

Felicitas alikuwa amechoka, na si uchovu wa jembe. Alikuwa amechoka kwa kinyaa. Alimchukia daktari wa Bukoba mjini, alikinai manung'uniko ya mumewe, na siku za karibuni hata chumba chake cha kulala kilimtia kichefuchefu. Kulikuwa na kitu kinanuka upande wa Kamala. Alifua mashuka, akasugua sakafu, akapanda darini kutafuta panya aliyefia huko. Panya hakumwona.

Kamala, mumewe, alikuwa mzee wa kanisa pale Kagondo, Mlutheri wa kweli kweli, na alikuwa na kisukari. Kila mwezi walikwenda kliniki mjini, na kila mwezi mambo yalikuwa yale yale. Daktari Mutembei alitazama kipimo bila kumtazama mwenye damu.

"Sukari ishirini na mbili! Mzee, wewe unakunywa pombe."

"Daktari, niliacha siku ile ile uliponikataza. Usharika mzima unajua."

"Wote mnasema hivyo. Nyie na rubisi yenu! Mguu huo utakatwa, shauri yako. Mwingine aingie!"

Shauri yako! Mtu na wajukuu zake anaitwa mwongo, mlango uko wazi, foleni nzima inasikia. Felicitas nusura amtemee mate. Kutishia mguu anajua, kuutazama huo mguu hajui. Tangu waanze kwenda pale, hakuwahi kumwambia Kamala avue hata soksi. Halafu wakitoka nje, karaha nyingine: Kamala anatembea kifua mbele kama shahidi wa imani, anasema, "Bwana anajua sijagusa pombe." Kinywa kikavu, macho yameingia ndani, suruali inamvuka kiunoni, bado anajisifu.

"Basi," Felicitas akasema siku moja. "Kwa huyo mtu siendi tena. Tunakwenda Muleba."

Huko Muleba dada yake alikuwa akitibiwa na daktari mmoja mwanamke, Annastella. Walipoingia, daktari yule aliwaamkia shikamoo, akaacha meza yake, akavuta kiti na kukaa karibu nao.

"Baba, naomba uvue viatu."

"Viatu vya nini, mwanangu? Sukari iko kwenye damu."

"Vua tu, baba."

Kiatu kilitoka. Soksi ikagoma, ilikuwa imegandia nyama. Daktari aliilowesha maji taratibu, na ilipobanduka, Yesu wangu! Felicitas aliziba pua kwa kanga. Panya wake alikuwa humo. Chini ya kidole kikubwa kulikuwa na shimo lenye usaha wa njano, na pembeni nyama nyeusi. Na huyu ndiye aliyelala naye kitanda kimoja, soksi miguuni kwa ajili ya baridi, wanasali pamoja kabla ya kulala!

"Kamala! Na wewe hukusema?"

Kamala mwenyewe alikuwa ametoa macho. "Sikujua. Hauumi, mama. Nakuapia hauumi."

"Ndio ubaya wake," daktari akasema, huku akiosha kidonda bila kukunja uso. "Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua hisia za miguu. Unakanyaga msumari na hujui. Sasa baba, nisimulie jana. Toka ulipoamka mpaka ulipolala, kila kilichoingia mdomoni. Sikugombezi."

Kamala akasimulia. Chai bila sukari. Vidonge alimeza. Mchana ndizi na maharage. Daktari akauliza ndizi kiasi gani, Felicitas akaonyesha kwa mikono, na mikono ikapanda mpaka kidevuni.

"Na kiu?"

"Kiu inanitesa, daktari. Ila namshukuru Mungu nina ndugu. Mdogo wangu Bartholomayo ananiletea omuramba kila jioni. Siyo pombe! Juisi ya ndizi tu, haijachachuka hata kidogo."

Daktari aliacha kufunga bendeji. "Kiasi gani?"

"Kibuyu."

"Kizima?"

"Ndiyo, kizima. Kiu, mwanangu!"

 Felicitas ndiye aliyekuwa akikipokea kibuyu hicho mlangoni, akishukuru kwa magoti yote mawili.

"Baba, hukudanganya," Annastella akasema. "Ulikatazwa pombe na ukaacha. Kosa ni letu, hatukukuuliza umeweka nini mahali pake. Sisemi urudi kwenye rubisi. Lakini omuramba ni sukari tupu ya ndizi mbivu. Unakunywa, sukari inapanda, kiu inazidi, unakunywa tena. Kidole hiki siwezi kukuahidi. Mguu tunaweza kuuokoa, kama sukari itashuka sasa. Ukirudi kwenye kibuyu, mguu unakwenda."

Hakuwaacha hivyo. Alimbadilishia dawa, akachukua sahani na kuwaonyesha: mboga za majani nusu nzima, ndizi robo, maharage au samaki robo. Kiu ni maji. Miguu itazamwe kila jioni, vidole vyote, na asitembee peku hata kwenye kibanja, kule migombani. Walipoaga akasema, "Na ndugu zake waje wapimwe, hata wasioumwa. Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo. Ukiwahiwa, unazuilika."

Jumamosi majirani na wa ukoo walikuja kumpa pole. Sebule ikajaa. Bartholomayo akaingia mwisho, moja kwa moja kutoka kukamua, suruali imekunjwa magotini, maana omuramba hukamuliwa kwa kukanyaga ndizi mbivu na nyasi kwa miguu. Alibeba kibuyu kikubwa chenye mrija, bado kina povu.

"Kaka, onja, watu wapate kunywa."

Hiyo ndiyo desturi. Mwenye nyumba asipoonja, hakuna anayegusa, na kukataa kibuyu cha ndugu yako ni kumwambia mbele za watu kwamba unamshuku kukuwekea sumu. Kamala alikohoa. "Daktari kasema..."

"Daktari alikataza pombe! Hii ni pombe, waitu, ndugu zangu? Au umeanza kuniogopa?"

Watu wakacheka. Felicitas akaona mkono wa mumewe unanyooka kuelekea kwenye mrija. Ebo! Mwanamume mzima anakwenda kuuza mguu kwa aibu ya dakika moja! Alitamani kupasua kile kibuyu, lakini mke kumnyang'anya mumewe kinywaji mbele ya shemeji zake, hilo wangeliimba mpaka kwenye mazishi yake.

Akapiga magoti mbele ya Kamala. Wageni wakaguna kwa kuridhika, mke kamili huyo, anamhudumia mumewe. Felicitas akaushika mguu, akafungua bendeji mpaka mwisho.

Harufu ikaenea. Kicheko kikakatika. Mmoja alikimbilia nje.

"Shemeji, sogea unuse," Felicitas akasema. "Sogea! Hicho ndicho kinywaji chako kisichokuwa pombe. Bado anywe?"

Bartholomayo alirudi nyuma, kiganja puani. Na kwa kuwa Felicitas alikuwa chini pale pale, macho yake yaliangukia miguuni pa shemeji yake. Katikati ya povu na vipande vya nyasi, pembeni mwa kisigino, kulikuwa na kidonda, kingo zake nyeupe, ndani kumepondeka. Alikuwa amekanyagia ndizi na mguu huo asubuhi nzima. Felicitas akakionyesha kwa kidole.

"Shemeji, kisiginoni kuna nini?"

Bartholomayo akainua mguu, akaugeuza, akashangaa kidogo, kisha akacheka. "Aa, hiki? Achana nacho, shemeji. Hakiumi hata kidogo."

Kamala, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa fedheha, akakiinua. Akakitwaa kibuyu mikononi mwa mdogo wake, akachechemea mpaka mlangoni na bendeji inaburuta, akamwaga chote uani mbele ya watu.

"Tafuta viatu, Bartholomayo," akasema. "Tunakwenda Muleba sasa hivi."