Mishale ya Onésime

Kitsa alifika kwa shemeji yake asubuhi akiwa amekwisha kuchoka, na siku yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Upinde wa marehemu baba yake aliuficha ndani ya mzigo wa kuni, maana kwenye barabara za Mabalako mwanajeshi akikuona na upinde atakuhoji mpaka usahau jina lako. Aliuchomoa uani, akaufuta vumbi, akaketi bila kungoja kukaribishwa.

Adèle, mke wa mdogo wake Onésime, alijua amefuata nini. Aliingia ndani, akatoka na podo, ule mfuko wa ngozi wa kuwekea mishale, akaimwaga mishale juu ya mkeka. Kisha akaketi upande wa pili.

Kisa chenyewe ni hiki. Watu walipokimbia vita, mashamba yalibaki bila mwenyewe, na nguruwe wa porini wakaona wameachiwa urithi. Kitsa alirudi kutoka Butembo, alikobeba mizigo ya wenye maduka mpaka mabega yakagoma. Adèle alirudi kutoka Vuhovi, kwa dada yake. Wakakuta nguruwe wamenona kama mabosi na hawamwogopi mtu. Muhogo uliosalia ulikuwa wa kulisha nyumba zote mbili. Huo ukiliwa, basi ni kufungasha tena, na Kitsa hakuwa na nguvu za kukimbia mara nyingine.

Upinde alikuwa nao. Mishale ndiyo iliyokosekana. Upinde wa baba yao haukuwa wa mchezo. Ncha zake zilipindwa kwa moto zikaelekea mbele, na ukiiachia kamba unatupa kwa hasira. Mishale ya matete ya Kitsa ilitetemeka humo na kupasuka, na mmoja ulishamchana mkono. Iliyouweza upinde ule ilikuwa ya Onésime peke yake. Aliichonga mwenyewe kwa mti mgumu, akaitia vyuma vya resori, zile springi za gari.

Na Onésime alichukuliwa shambani na watu wenye silaha, yapata miaka miwili iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyemwona, akiwa hai wala akiwa maiti.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Katika ukoo wao wa wawindaji, mshale wa mtu aliye hai huazimwa, na mnyama akianguka, paja moja la nyuma ni la mwenye mshale. Mshale wa marehemu hauazimwi. Kaka mkubwa huja akachagua anayoitaka mbele ya mjane, akaondoka nayo, na kuanzia hapo watu hulia na misa ikaombwa. Kuchagua ni kutangaza kifo. Wazee walikuwa wamemkalia Kitsa kooni: nenda ukachague, mwanamke apumzike, na wewe upumzike. Na kusema kweli alitaka kupumzika. Alichoka kungoja. Alichoka kushtuka kila pikipiki ilipopunguza mwendo mbele ya nyumba. Asubuhi ile alikuwa amekuja kuchagua.

Akaanza kazi. Aliuinua mshale mmoja mmoja, akaufumbia jicho moja kuona kama umenyooka, akaubana kwa kidole gumba kuona kama unalegea. Uliolegea aliuweka kando, kwa sababu upinde ule ungeuvunja. Uliokuwa mzito mbele aliuweka karibu na goti, kwa sababu ngozi ya nguruwe haichezewi. Manyoya ya kanga yalikuwa bado imara. Onésime alikuwa mvivu wa kila kitu isipokuwa mishale, na Kitsa, akiishika, alimkumbuka.

"Papa Falonne," Adèle alimwita Kitsa kwa jina la mwanawe, "unachagua ao unaazima?"

"Minachoka, Mama Jephté."

"Na mi minachoka. Lakini ukichagua, njo mi niko mujane kuanzia leo. Sema tu, nijue."

Hakumsihi. Laiti angelia au angemtukana, Kitsa angejua la kufanya. Mwanamke alikaa tu, mikono mapajani, akingoja kuambiwa yeye ni nani.

"Naazima," Kitsa alisema.

Alijilaumu njia nzima. Neno moja tu lilihitajika, na amerudi nyumbani na lile lingine.

Kesho yake kulipopambazuka alijibanza pembeni mwa muhogo. Nguruwe alitoka polepole, pua imejaa udongo, kama mtu anayetoka jikoni kwake. Kitsa alivuta upinde, bega likamchoma, akaachia. Mshale ulikwenda ulikotumwa. Nguruwe alikimbia hadi kwenye kijito akaanguka. Kitsa hakufurahi. Alikaa karibu naye akahema, akawaza kwamba bado ana paja la kubeba.

Alilifikisha akiwa amelifunga kwa majani ya mgomba, pamoja na mishale iliyokwisha kuoshwa. Adèle alimkatalia kuondoka kabla ya kula. Aliipika nyama kwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akawagawia watoto, akampa Kitsa. Kisha akajaza sahani nyingine, vipande vinono, akaiweka mezani mbele ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Inzi walitua kwenye ile sahani, Adèle akawafukuza kwa mkono, wakarudi, akawafukuza tena.

Bénite, mdogo wa mwisho, alikuwa bado anabebwa mgongoni baba yake alipochukuliwa. Alimaliza chakula chake, akaitazama sana ile sahani.

"Mama," aliuliza, "ule mutu atakuya saa ngapi?"

Adèle aliutoa mkono wake juu ya sahani, akawaacha inzi. Baada ya muda aliivuta kwake, akawagawia watoto nyama yote, akampa Bénite kipande kikubwa kuliko vyote. Kisha akaingia ndani, akarudi na podo, akaimimina mishale miguuni pa Kitsa.

"Chagua," alisema.

Kitsa alikuwa amelingoja neno hilo miezi na miezi, akiamini siku litakaposemwa atalala usingizi wa mtoto. Sasa aliitazama mishale ya mdogo wake na mikono ikakataa kuinuka. Alitaka kusema tungoje kidogo, tungoje mavuno tu.

Adèle akapiga magoti. Aliuokota mshale mmoja mmoja, akaufumbia jicho moja jinsi alivyomwona mumewe akifanya, na kila ulionyooka akaulaza mapajani mwa Kitsa. Hakuharakisha. Alipoweka wa mwisho, alifunika uso kwa kitenge akaanza kulia kwa sauti, na majirani wakaacha kazi zao wakaja.