Migongo Kumi na Miwili

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, Nong'ona alipeleka picha kwa fundi wa fremu, na kila Alhamisi mambo yalikwenda vile vile. Alibisha mlango kwa kidole kimoja. Fundi, bila kugeuka kutoka kwenye meza yake iliyotazama dirisha, alisema, "Pita, Mchoraji." Nong'ona aliifunua picha kutoka kwenye shuka kuukuu, akailaza mezani, kisha akarudi nyuma kukaa kwenye kigoda karibu na gunia la vumbi la mbao. Fundi aliipima picha na kuuliza, "Mbao nyeusi au ya rangi yake?" Naye akajibu, "Ya rangi yake." Basi. Maongezi yao kwa miaka miwili yalikuwa hayo. Saa nzima iliyofuata ilikuwa ya msumeno, msasa na gundi, huku Nong'ona akichorachora kwenye daftari lake, amelikumbatia kama mtu anayeandika orodha ya vitu vya sokoni na hataki jirani ajue ananunua nini.

Jina la Nong'ona alipewa nyumbani tangu utotoni, kwa sababu hata kulia alikuwa analia kwa kunong'ona. Alipokwenda chuoni kusomea uchoraji, somo la kuchora nyuso nusura limfukuzishe. Mtu aliyekaa kuchorwa alimtazama yeye, na yeye akatazama chini. Mwisho wa muhula wenzake walikuwa na nyuso nane kila mmoja. Yeye alikuwa na jozi nane za viatu, nzuri sana, zenye kamba zinazoonekana kabisa.

Halafu siku moja, kwenye foleni ya benki, akagundua migongo. Aliona kwamba uso wa mtu huwa tayari kwa wageni muda wote, lakini mgongo haujui kwamba kuna wageni. Aliyekuwa mbele yake alikuwa akicheka na karani kwa sauti kubwa, na huku nyuma mabega yake yalikuwa yanaomba msamaha. Nong'ona akasahau alichofuata benki. Tangu siku hiyo akawa anachora migongo tu: ya mama anayesugua sufuria, ya mzee anayesoma tangazo la kazi lililopitwa na tarehe, ya wapenzi waliogombana na wanasubiri kuona nani atatangulia kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Alichora kwa raha zake.

Lakini Alhamisi hii, Fundi alipima picha, akachomeka penseli nyuma ya sikio, akaichomoa, akaiweka mezani. Hakuuliza habari za mbao.

"Huyu simtengenezei tena," alisema.

"Nani?" aliuliza Nong'ona.

"Huyu bwana wako."

Nong'ona alikodoa macho. Fundi aliinyanyua picha na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Bado hakugeuka.

"Unadhani sihesabu? Hii ni ya kumi na mbili. Umemvika koti, umemvika sweta, umemvika shati jeupe kama anakwenda kuoa, na leo umemsimamisha kwenye mvua bila mwavuli. Ni yule yule! Bega la kushoto limeshuka kama rafu iliyong'oka msumari. Na kinyozi wake sijui alimkosea nini. Hebu ona hapa kisogoni. Kishungi! Kila picha kipo. Mtu mzima anazunguka mjini na kishungi, na hana hata rafiki mmoja wa kumwambia. Halafu anavyosimama sasa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Si aende kwao?"

Nong'ona alikitazama kishungi cha kwenye picha. Kisha akatazama kisogo cha Fundi, mahali pale pale, palipokaa kishungi kile kile, ukubwa wa punje ya mahindi. Kinyozi wa mtaa alikuwa anakiacha kila mwezi kwa sababu jicho lake la kulia halikuwa zuri. Mtaa mzima ulikuwa unakijua, isipokuwa mwenye kisogo.

Hapa ndipo angesema. Neno moja lingetosha. Alifungua kinywa, na likatoka hili:

"Ya rangi yake."

"Sikuuliza mbao," alisema Fundi. Akaichukua tena penseli. "Haya. Hii nitaimaliza, kwa sababu maonyesho yako ni Jumamosi na niliahidi kuzitundika zote. Baada ya hapo utafute fundi mwingine. Mimi mikono imechoka na hizi kona."

Mikono yake haikuonekana kuchoka. Aliukamata ubao na kuupiga randa kwa hasira mpaka ukawa mwembamba kuliko alivyotaka, ikabidi achukue mwingine.

Nong'ona aliishi kwa shangazi yake, fundi cherehani mwenye chumba cha kushonea mbele ya nyumba. Shangazi alikuwa na sauti ya watu wawili. Familia ilisema moja ilikuwa ya Nong'ona, ambayo Shangazi aliipora siku mtoto alipozaliwa. Siku hiyo Nong'ona alimkuta amepiga magoti akipanga pindo la gauni, pini sita mdomoni. Nong'ona akamsimulia yote, na mwisho akasema, "Anadhani ni mwanamume mwingine."

Shangazi alitema pini zote kiganjani ili acheke vizuri.

"Yaani anajionea wivu mwenyewe! Mungu wangu, nishikeni."

"Shangazi, ulikuwa unajua?"

"Tangu ile ya tatu. Si nilimshonea shati la harusi ya dada yake? Mabega inchi kumi na tisa, la kushoto limeshuka nusu inchi, nikamwekea pedi. Mtu anaweza kuniambia nimemsahau uso. Mgongo nilioupima siusahau." Alifuta machozi kwa ncha ya futi kamba. "Sasa wewe, kinachokuliza ni nini? Mwambie."

"Siwezi."

"Basi dawa ninayo." Alinyoosha kidole kwenye vioo viwili virefu vilivyosimama pembeni, ambavyo wateja walisimama katikati yake ili kuona nguo inavyokaa nyuma. Fremu zake alizitengeneza Fundi mwenyewe. "Jumamosi nakuja na hivi. Namweka katikati, kimoja mbele, kimoja nyuma. Ajionee mwenyewe, biashara iishe."

"Shangazi, usithubutu! Mbele za watu? Watamcheka mpaka ahame mtaa."

"Watamcheka, ndiyo. Akisikia kwako, utamwambia vizuri. Akisikia kwangu, mimi sijui kusema vizuri, unanijua."

Nong'ona alijua. Akasema kwamba ataandika. Kila msanii alitakiwa kubandika ukutani kadi ya maelezo, kueleza kazi zake zinahusu nini. Fundi ataisoma na ataelewa. Alikaa mezani tangu baada ya chakula cha mchana mpaka jioni, akaharibu kadi tisa. Ya kumi ilisema: "Kazi hizi zinachunguza hali ya binadamu asiyejiona, na umbali uliopo baina ya anayetazama na anayetazamwa."

Shangazi aliisoma mara mbili, akaishika mbali, akaisogeza karibu.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hii ni barua ya mapenzi au ni taarifa ya kukatika kwa maji?"

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa kuliko mkutubi alivyozoea, na watu wakaongea kwa sauti ambazo kuta zile hazikuwahi kuzisikia. Habari zilikuwa zimeenea kwamba yule msichana asiyesalimia amewachora wote, na kila mtu alikuja kutafuta mwenzake. Walipatana kwa urahisi. "Huyu si mama wa duka la dawa? Anavyoshika kiuno!" "Yule ni mwenye nyumba wangu, naona hata hapa anadai." Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyejitambua mwenyewe. Mke wa mwenye duka la vitambaa alisimama mbele ya picha moja kwa muda mrefu, akamuuliza mumewe, "Hivi huyu mwanamke aliyekaa kama kiroba ni nani?" Mumewe akasema anasikia kiu, akaondoka haraka.

Nong'ona alikuwa amejibanza nyuma ya rafu ya magazeti. Kutoka pale aliuona ukuta wa mwisho, wenye picha kumi na moja za mgongo mmoja na msumari mmoja mtupu. Aliona pia, karibu na mlango, kitu kirefu kilichoegemezwa ukutani na kufunikwa kitambaa cha maua. Akazidi kujibanza. Shangazi alikuwa amekuja na vioo vyake.

Mbele ya ukuta huo alisimama Mwalimu, aliyemfundisha Nong'ona chuoni, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa amekwisha kusoma kadi, na kadi ilikuwa imempendeza.

"Angalieni," aliwaambia watu, "msanii haonyeshi mtu fulani. Mgongo huu ni wazo. Ni upweke wa binadamu wa leo. Bega hili lililoshuka ni uzito wa historia."

"Ni uzito wa mbao," alisema Shangazi kutoka mlangoni.

"Samahani, mama?"

"Endelea tu, Mwalimu. Eleza na kishungi."

"Kishungi," alisema Mwalimu, akavaa miwani, "ni kile kidogo tunachobakiza cha uasi."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, na Fundi akaingia na picha ya kumi na mbili kifuani. "Samahani, Mwalimu. Samahani, jamani. Gundi ilichelewa kukauka." Akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akavuta stuli, akapanda. Akaitundika picha kwenye msumari. Akatoa pima maji mfukoni, akaiweka juu ya fremu, akasogeza kidogo kushoto, kidogo kulia.

Watu hamsini walikuwa nyuma yake. Mbele yao ilining'inia migongo kumi na miwili, na katikati, juu ya stuli, ulisimama wa kumi na tatu.

Maongezi yalikufa. Mtu mmoja akasema, "Ala!" Mwingine akaziba mdomo. Kisha mtoto wa mkutubi, aliyebebwa begani, akanyoosha kidole na kusema waziwazi, "Kishungi!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Imepinda?" aliuliza Fundi, akiangalia pima maji.

"Haijapinda, baba," alisema Shangazi. "Hata chembe."

"Sasa mnacheka nini?"

 Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatazama picha, akamtazama Fundi, akatazama picha. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakuwa na la kuongeza. Na kule mlangoni Shangazi akaanza kukunja mikono ya gauni lake, akakishika kitambaa cha maua.

Nong'ona alitoka nyuma ya rafu. Hakukumbuka kuamua. Miguu ilimtangulia, naye akaifuata, akipita baina ya watu huku akisema "samahani, samahani" ambayo hakuna aliyeisikia, mpaka akawa chini ya stuli. Akamtazama Shangazi kwa jicho ambalo Shangazi hakuwahi kuliona kwake. Kitambaa kikaachwa.

Kule juu, mkono wa Fundi ulikuwa umeanza kupanda kisogoni polepole, kama mkono wa mtu anayetafuta swichi gizani. Kidole kikagusa. Kikatulia hapo. Fundi akaitazama picha iliyokuwa mbele ya pua yake: mvua, hakuna mwavuli, bega, kishungi. Akatazama ya jirani yake, halafu nyingine, akizihesabu tena kwa namna nyingine.

Hakugeuka. Kugeuka kungekuwa kuwatazama watu hamsini, na mmoja zaidi.

"Mchoraji," aliuambia ukuta. "Huyu bwana ni nani?"

"Naam," alisema Mwalimu, aliyefurahi kupata pa kushika. "Msanii mwenyewe atueleze. Maudhui hasa ni nini?"

Nong'ona aliibandua kadi ukutani, akaikunja mara mbili, akaifumbata. Akasema kitu. Watu wa mstari wa mbele waliona midomo ikicheza.

"Hatusikii!" alipaza sauti Shangazi.

"Ni wewe," alisema Nong'ona.

"Huku mlangoni bado!"

"Ni wewe!" Sauti ilitoka kubwa kiasi kwamba mwenyewe alitazama nyuma kuona nani kasema. Kisha, kwa kuwa ilikwisha kutoka, akaiachia iendelee. "Koti nililitunga, sweta nililitunga, hata mvua niliitunga. Mgongo ni wako. Zote kumi na mbili ni wewe. Sijachora upweke, Mwalimu, nisamehe, na historia siijui. Miaka miwili nimekaa kwenye kile kigoda, na nilichokuwa nasubiri ni hicho hicho ninachosubiri sasa hivi. Geuka, bwana. Geuka na mimi nikuone uso, maana ya kumi na tatu nataka kuichora kwa mbele."