Mbele Iko Upande Gani?

Hadji Sumaili alifika amechelewa, na kosa lote lilianzia hapo. Aliyeona mwanzo wa mbio zile hakuhitaji kuelezwa mwisho wake. Lakini yeye alisali adhuhuri kwanza, akafunga duka lake la vitenge pale Kadutu, akabishana na mteja mmoja aliyetaka apunguziwe (kwa Hadji, neno likishatoka limetoka, hata akija nani), ndipo akapanda pikipiki kuteremka ziwani.

Bukavu unaijua mwenyewe: ni kupanda na kushuka. Ukitafuta mahali tambarare pa kuweka meza tu, unahangaika. Lakini kando ya ziwa kulikuwa na depo la zamani la kahawa, limefungwa miaka na miaka, refu na lenye kuta za kuziba macho, na kulizunguka kulikuwa na njia ya lami isiyo na kilima hata cha kusingizia. Kilabu cha baiskeli kiliomba ruhusa, kikafunga njia ile kwa kamba, kikaita mbio za wasichana. Watu wa mji huu walizoea mbio za kutoka hapa kwenda kule, mfano kutoka mjini hadi Mumosho, na wa kwanza kufika ndiye wa kwanza. Mbio za kuzunguka jengo moja bila kufika popote walikuwa hawajaziona.

Hadji hakuja kustarehe. Alikuja kuhukumu. Binti yake Rahima, mtulivu nyumbani hata unasahau kama yumo, kumbe alikuwa akiondoka kila alfajiri na baiskeli, anapanda milima yote ya huko na kurudi kabla chai haijapoa. Majirani wakamwona, majirani wakasema. Nyumba ikawaka moto wiki nzima. Mama yake, Maman Mwanvita, akasimama upande wa binti na kukataa kuteremka upande mwingine. Mwishowe Hadji akaketi sebuleni, akawaita wote, akasema hivi:

"Nitaenda kuona na macho yangu. Ukikuwa wa kwanza, Rahima, mudomo yangu nitafunga. Ukikosa, ile kinga, ile baiskeli yako, inapanda boti jioni ile ile, inaenda Idjwi kwa Usman."

Usman alikuwa mpwa wake, mkulima wa nanasi kule kisiwani, na alikuwa ameomba baiskeli mara nyingi. Rahima alijibu neno moja tu: "Ndiyo, Papa." Na kwa kuwa wote walijua neno la Hadji linavyokaa, hakuna aliyebisha.

Basi sasa alikuwa pale, kanzu safi, kofia kichwani, amebanwa kwenye kamba katikati ya watu. Pembeni yake alisimama mwanamke mnene mwenye kitenge cha rangi ya machungwa, anapiga makofi kwa nguvu kama anafukuza mbuzi.

"Jambo, Papa. Na wewe uko na mutoto mule ndani?"

"Niko naye. Anaitwa Rahima."

"Miye ni Maman Adélaïde. Wangu ni Mélanie, ule wa jezi nyekundu. Angalia, banakuja! Angalia nani iko mbele!"

Kundi likatokea kwenye kona ya depo, baiskeli zimesongamana, minyororo inapiga kelele, na kweli, mbele kabisa palikuwa na jezi nyekundu. Hadji akatafuta kitambaa cheusi cha binti yake chini ya zile kofia ngumu. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Rahima hakuwamo. Kundi likapita na kumezwa na ukuta wa upande wa pili.

"Wangu iko wapi?" aliuliza.

Wakangoja. Wakangoja kweli kweli, hadi mtu mmoja akaanza kupiga miayo. Ndipo Rahima akatokea, peke yake, mikono ya jezi imefika viganjani, kiwiliwili kimelala juu ya baiskeli. Hakuna mtu mbele yake, hakuna mtu nyuma yake.

"Ni ule?" Maman Adélaïde aliuliza kwa sauti ya msibani.

"Ni ule."

"Pole, Papa. Lakini anajikaza."

Sasa hebu jiweke mahali pa Hadji. Anajua foleni ni nini. Anajua msafara ni nini. Katika maisha yake yote, anayepita kwanza yuko mbele na anayepita baadaye yuko nyuma. Kundi lilipita, kisha akapita Rahima. Sasa hapo utafikiri nini? Kipaza sauti cha waandaaji kilikuwa kimekufa tangu asubuhi, na mtu mwenye kibao cha kuonyesha mizunguko alikuwa upande ule mwingine, nyuma ya depo.

Kundi likapita tena, kisha Rahima. Kundi, kisha Rahima. Lakini Hadji, ambaye macho yake yalizoea kupima kitambaa bila rula, akaona kitu: ule muda wa kungoja ulikuwa unapungua. Kila wakitokea, binti yake alikuwa amelisogelea kundi kidogo zaidi.

"Anabakaribia!" alisema. "Maman Adélaïde, angalia, anabakaribia!"

"Ee, kweli! Twende, mama! Sukuma!"

Hadji akasahau kwamba alikuja kama hakimu. Kofia ilianguka, akaiacha. Mzunguko mwingine, na mwingine, hadi walipotokea kwenye kona Rahima alikuwa ameshika mkia wa kundi, gurudumu lake la mbele karibu linagusa gurudumu la msichana wa mwisho.

"Allahu akbar! Amebafikia! Sasa pita, mutoto yangu, pita!"

Rahima hakupita.

Wakazunguka, wakarudi, naye bado alikuwa pale pale, wa mwisho. Amekaa wima, starehe. Akachukua chupa yake, akanywa maji. Wengine wanahema na nyuso zimewiva, yeye anakunywa maji!

"Sasa anafanya nini?" Hadji aliuliza.

"Labda amechoka," Maman Adélaïde alisema.

"Mutu mwenye amechoka anakaa hivyo?"

Akamgeukia mwanamume wa upande wa pili. "Papa, samahani. Nani iko mbele hapa?"

Yule mtu alifikiri sana. "Vraiment, kweli kabisa, Hadji," alisema, "na miye naangalia tu. Minaona bote banafuatana."

Kichwa cha Hadji kikaanza kumzunguka kuliko hata zile baiskeli. Alipigana nini kulifikia kundi kama hataki kulipita? Au ndiyo ile adabu ya nyumbani, kwamba mtu hasukumi wenzake? Au ameona baba yake kwenye kamba, akaingiwa na hofu? Hilo la mwisho lilimchoma. Alijiona sebuleni, anasema yale maneno ya boti na Idjwi, na binti anajibu ndiyo, Papa.

Kengele ikalia. Hiyo hata yeye aliielewa: mzunguko wa mwisho. Wasichana wote wakasimama juu ya pedali na kuchomoka, jezi nyekundu mbele, watu wakapiga mayowe. Na Rahima akawaacha waende! Hakusimama, hakuinama. Walitoweka nyuma ya depo wakimwacha mbali, naye anapiga pedali taratibu, uso umetulia, hata ungeapa anatabasamu.

Vijana waliokaa juu ya ukuta wakaanza kucheka. "Ewe wa nyuma! Tukuletee kitanda?"

Cheko lile lilimwumiza Hadji. Siyo aibu yake, wallahi, aibu yake alikuwa ameshaisahau. Ilikuwa huruma, huruma ya kumfanya mtu awe mjinga. Mzunguko mzima akimngoja atokee tena aliona picha moja tu: binti yake anafika wa mwisho, peke yake, mbele ya mji mzima unaocheka, na ni yeye baba aliyemwekea sharti lile. Kundi likapita kwa kishindo hadi kwenye mstari mweupe, Mélanie akainua mikono, Maman Adélaïde akarukaruka na kulia. Kisha kwenye kona akatokea Rahima.

Hadji akainua kamba, akapita chini yake, akasimama katikati ya njia.

"Rahima! Simama!"

Katika nyumba ya Hadji Sumaili, baba akikuita kwa jina, unasimama. Hata kama mafuta yako motoni, unaepua na kuja. Ndivyo walivyolelewa wote, tangu Uvira kwa babu yao, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Rahima alimwona baba yake, akasikia jina lake, na vidole vikafunga breki kabla kichwa hakijapata nafasi ya kukataa. Baiskeli ikalia, ikasimama. Hadji akashika usukani kwa mikono miwili.

"Inatosha, mama," alisema kwa upole ambao Rahima alikuwa hajausikia tangu akiwa mdogo. "Shuka. Hakuna mutu atakucheka tena. Twende nyumbani."

"Papa, niachilie."

"Usisikie haya. Miye ndiye nilikukosea."

"Papa, niachilie, miye niko wa kwanza!"

"Wa kwanza wapi, Rahima? Si bote bamekuacha?"

"Nimebazunguka bote, Papa! Nimebazunguka muzima!" Alionyesha mstari mweupe, pale pale, mahali ambapo mtoto angeweza kurusha jiwe likafika. "Ilibaki pale tu."

Filimbi ikalia. Mwamuzi, mzee mwenye kofia nyeupe, alikuwa anakuja huku anatikisa kichwa, na mbele yake anakimbia Apollinaire, mwalimu wa kilabu, mikono yote miwili kichwani.

"Hadji! Ee Hadji, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nielezeni basi, miye sielewi kitu!"

Apollinaire alimweleza, na alieleza kwa kuzunguka na kidole hewani, maana maneno peke yake hayakutosha. Rahima aliondoka mbele mwanzoni kabisa, wakati Hadji yuko dukani. Msichana wa milimani, miguu ya milimani, ukimpa njia tambarare nani atamshika? Akawaacha, akawaacha zaidi, na kwa kuwa njia ni duara, kuwaacha sana kulimleta mgongoni kwao. Alikuwa amewatangulia mzunguko mzima, na kengele ile ilipigwa kwa hesabu yake, wengine wakimaliza wakidaiwa mzunguko. Apollinaire mwenyewe alimpigia kelele apumzike pale mkiani, asijiingize kwenye vurugu ya mwisho akaanguka. Hakuwa na mtu wa kumkimbiza tena. Alikuwa avuke mstari tu, hata kwa kutembea.

"Basi avuke sasa!" Hadji alisema, akaruka nyuma, akainua mikono juu. "Nimeachilia! Vuka, Rahima!"

Mwamuzi alimtazama kwa huzuni. "Mukimbiaji akishikwa na mutu wa inje, ametoka, Hadji. Ni sheria."

"Hata kama ni baba yake?"

"Hata kama ni baba yake."

Hadji akabaki amesimama katikati ya njia. Kila aliposhika sehemu moja ya maelezo, nyingine ilimponyoka: wa nyuma ndiye wa mbele, wa mbele ndiye wa nyuma, na yeye ndiye aliyemtoa. Hiyo ya mwisho haikumponyoka. Ilikaa. Maman Adélaïde alikuja, amefuta machozi ya furaha na kubaki na uso wa mtu asiyejua afanye nini nao.

"Papa, na miye nilichelewa kufika, sikujua," alisema. "Nilikuwa nashangilia tu."

"Shangilia, maman. Mutoto yako hana kosa."

Wakaondoka. Rahima alisukuma baiskeli, baba alitembea kando yake. Hadji alitamani binti alie, amtukane, atupe ile chupa ziwani, chochote. Lakini walifika kwenye njia panda, ambapo kushoto unapanda kwenda nyumbani na kulia unateremka bandarini, na Rahima akageuza usukani kulia.

"Unaenda wapi?"

"Bandarini, Papa. Boti ya Idjwi haijaondoka."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomuua Hadji. Alikuwa anatii. Alikuwa analipeleka neno la baba yake mahali lilipoelekea, kwa miguu yake mwenyewe, kama alivyosimama alipoambiwa simama.

"Rahima."

Akasimama.

"Nilisema nini siku ile? Nilisema ukikuwa wa kwanza."

"Ndiyo, Papa."

"Ulikuwa wa kwanza?"

Hapo machozi ya Rahima yakaja, yote kwa pamoja. "Nilikuwa, Papa."

"Basi neno yangu iko palepale. Usman atabeba nanasi yake na kichwa." Akajipangusa uso kwa ncha ya kanzu. "Na kitu kingine, sikia vizuri. Ukiwa juu ya ile kinga, ukanikuta katika njia, unapita. Nikikuita, unapita. Nikilia, unapita. Umesikia?"

"Siwezi, Papa."

"Utaweza. Panda, tuone."

Akamgeuzia baiskeli upande wa kushoto, kwenye ule mlima wa kwenda nyumbani, mlima ambao hata pikipiki hulalamika. Rahima akapanda, akasimama juu ya pedali. Watu wa njiani wakageuka kutazama. Hadji akamwacha asogee kidogo, kisha akaita kwa ile sauti ya sebuleni:

"Rahima! Simama!"

Aliona mabega ya binti yake yakishtuka. Aliona vidole vikienda kwenye breki, vikakaa pale. Kisha vidole vikaondoka, miguu ikaendelea.

"Rahima!" aliita tena, kwa nguvu zaidi, hadi wauzaji wa kando ya njia wakadhani kuna ajali. "Rahima, miye baba yako ninakuita!"

Hakugeuka. Hadji akabaki chini ya mlima anacheka peke yake na machozi yanamtiririka, akaendelea kumwita mpaka binti akapotea kwenye kona.