Programu Iliyofungiwa Chumbani

Mume wa binti yangu mtaa mzima wanamwita Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi tukalizoea tu, kama mtu anavyozoea bati linalovuja.

Binti yangu ni fundi cherehani. Alikuwa amepata kazi ya kushona sare za wauguzi, na vipimo vyao vyote pamoja na michoro ya kukatia alikuwa ameviweka kwenye kompyuta pale pembeni ya cherehani. Jumatatu ndiyo aanze kukata. Ndipo Bingwa akaja na programu ya bure, ya kupanga michoro kwenye kitambaa ili mabaki yawe machache.

"Imetoka wapi?" binti yangu akauliza, pini mdomoni.

"Kwa rafiki yangu."

"Na yeye kaitoa wapi?"

"Kwa rafiki yake. Mama watoto, mbona unahoji kama polisi?"

"Basi usiiweke humo. Kazi yangu yote imo humo."

Bingwa akacheka kile kicheko chake cha kutuhurumia. Akanigeukia mimi, maana mimi humsikiliza mpaka mwisho. Magoti yananiuma, nitakimbilia wapi?

"Mama, ndani ya kompyuta hii nitajenga kompyuta nyingine, ya kuigiza. Ni kama chumba kisicho na mlango. Programu itakaa humo. Ikiwa mwizi, itaiba hewa. Ikinichosha nafuta chumba kizima, nyumba inabaki safi."

Hapo alisema neno. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Humtii bandani na wenzake kabla hujajua kama ana ugonjwa wa kideri. Nikamwambia, "Umenena, mkwe wangu." Akavimba.

Akajenga chumba chake, akaiwasha programu humo. Ikatulia kama bibi harusi. Bingwa akaingia mtaani kufundisha watu usalama. Pale kwa kinyozi mteja mmoja alilisikia somo lote, kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni.

Sasa, programu iliyofungiwa kwenye chumba kitupu itapanga nini? Bingwa, kwa ukarimu wake, akafungua njia kati ya chumba na folda ya mke wake ili mgeni aione michoro. Tena si kuiona tu, akamruhusu na kuibadilisha. Kunakili mchoro mmoja tu na kumpa huo aujaribu, hilo halikumpitia kichwani.

Asubuhi binti yangu akafungua folda. Michoro ilikuwa na majina ya ajabu, na hakuna uliokubali kufunguka. Kila kiuno, kila bega, limefungwa na mtu asiyejulikana, na ujumbe juu yake: lipa ndipo tufungue.

Bingwa akaja na mswaki mdomoni. Akabonyeza hapa na pale.

"Nimekifuta chumba," akasema. "Programu haipo tena. Mnaona? Chumba kimefanya kazi yake."

"Na michoro yangu?"

"Michoro haikuwa chumbani."

"Ilikuwa nyumbani, na wewe ukamfungulia mwizi mlango."

"Si mlango, mama watoto. Ni folda ya pamoja."

Binti yangu akaisukuma kompyuta kando. Akatandaza karatasi mezani, akaanza kuchora upya kwa mkono. Wauguzi nao wakaitwa kupimwa tena. Wauguzi ni watu wa subira, lakini mwambie mtu umepoteza kiuno chake, uone. Wa kwanza alifika amenuna, na katikati hapo alikuwa ameongezeka.

Bingwa akawa anaizunguka meza.

"Ipo programu ya kufungua mafaili yaliyofungwa," akasema. "Rafiki yangu ananitumia sasa hivi. Bure."

Binti yangu hakuinua kichwa. "Iweke kwanza kwenye simu yako."

Bingwa akaitoa simu, akaitazama kitambo. Kisha akairudisha mfukoni taratibu, akafunga na kifungo.

"Simu hii ina vitu vyangu vya maana," akasema.

Binti yangu akamkabidhi ncha ya utepe wa kupimia. "Shika hapa," akamwambia, "na usiguse kingine."