Nyumba Yenye Wakili

Jirani Mukandayisenga alitoka misa na bahasha ya kaki kifuani, akaja moja kwa moja kuiweka juu ya mapaja ya Feza.

"Maman avocate, Jumanne tuko tribunali. Shemeji yangu Sibomana ameingia shamba langu la mpunga kule Bugarama, anasema ni yake. Yule wakili mwenye alikuwa ananisaidia bure nilimwambia aache. Niko na wangu."

Feza akamgeukia bibi yake. Nyirabagenzi alikuwa anachambua maharagwe, na vidole vikasimama juu ya ungo. Tangu mjukuu arudi kutoka Huye na shahada ya sheria, wiki mbili tu, bibi alikuwa ametangaza kanisani, sokoni Kamembe, hadi kwa mama muuza samaki wa sambaza: nyumba yake ina wakili.

"Nyogokuru, mimi si avocate," Feza alisema taratibu. "Kwa kutetea muntu mbele ya juji, lazima nisome tena Nyanza, kwenye shule ya mawakili, nifanye staji chini ya wakili mzoefu, niape."

"Na miaka ine yote ulikuwa unasoma nini? Fundi cherehani miezi sita anashona suruali!"

"Naweza kufanya kazi benki, wilayani, asiransi kwenye mambo ya bima. Naweza kuchunguza mikataba, kuandika barua..."

"Barua hata mimi naandika," akasema Nyirabagenzi, aliyeishia darasa la sita.

Mukandayisenga alicheka, akidhani ni utani wa nyumbani. Kisha akawatazama mmoja mmoja, kicheko kikakatika.

Jumatatu asubuhi Nyirabagenzi alifunga kitenge chake cha harusi, akaenda mwenyewe kumwomba yule wakili msamaha. Wakili hakukasirika. Ila kesho yake alikuwa na kesi Karongi, tayari ameahidi watu. Feza akaandika barua ya kuomba kesi isogezwe, ukurasa mmoja, bila kosa hata moja.

Jumanne juji akakubali. Akaisogeza mpaka mwezi wa saba.

"Asante, bamaman," Sibomana aliwaambia mlangoni mwa tribunali, akivaa kofia. "Mpunga unaiva mwezi wa sita. Nitavuna polepole."

Njia nzima ya kupanda Kamembe Mukandayisenga alitembea mbele, hakungoja mtu. Nyirabagenzi akamfikia kwenye kona, pumzi juu.

"Mama, ni mimi nilikudanganya. Mtoto hakusema kitu."

"Najua," Mukandayisenga akajibu. "Sasa niambie, batoto wangu watakula nini?"



"Watakula kwangu," alisema Nyirabagenzi, na Mukandayisenga akaendelea kupanda mlima peke yake.